Ndugu kwa Kiingereza

Cyriaque alisimama mbele ya darasa, akaikunjua barua juu ya meza ya mwalimu, akailainisha kwa kiganja mara mbili, kisha akaanza kuisoma bila kuinua macho. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi. Jua dogo la majira ya baridi lilikuwa limeingia kwa madirisha marefu ya upande wa mtaa wa Bertrams na kuishia kwenye madawati ya mbele. Sisi wa nyuma tulikaa na makoti yetu.

Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, kila neno likipewa nafasi yake. Alipofika aya ya tatu nilijua itaendelea vipi. Barua yenyewe sikuwahi kuiona. Lakini nilikuwepo siku maneno yake yalipozaliwa.

"Mwombaji alieleza kwamba kaka yake aliuawa mbele ya macho yake," alisoma. "Hata hivyo, katika fomu yake, mwombaji alijaza kwamba hana kaka wala dada. Alipoulizwa kuhusu tofauti hiyo, alisema ana kaka wengi. Hakutoa maelezo ya kuridhisha. Kwa sababu hiyo, ushahidi wake hauaminiki."

Akaweka kidole chini ya aya.

"Ni hiyo tu," alisema. "Zinazofuata ni namba za sheria."

Kazi ile tulipewa na mwalimu wetu wa historia, Bi Dladla, mwanamke wa Soweto mwenye sauti ndogo ambaye sikuwahi kumwona ameketi. Sote tulimwita Mem. Alikuwa ametuambia tulete waraka mmoja kutoka nyumbani na tuusome kama wasomavyo wanahistoria: nani ameandika, amemwandikia nani, na ni kitu gani hakimo. Adamu, Mtanzania anayeuza viatu Doornfontein, alileta kipande, kadi ya kazi ya babu yake wa mashamba ya mkonge. Chris, kijana aliyezaliwa hapahapa, alileta kadi ya kliniki ambamo jina la ukoo wake limeandikwa kwa namna tatu tofauti. Mimi nilileta picha ya pasipoti, kwa sababu picha haina maneno.

Chuo chetu kilikuwa chuo cha jamii, katika jengo la shule ya zamani hapo Troyeville, lenye ngazi za mbao na choo kimoja kinachofanya kazi. Kozi iliitwa sanaa huria. Nilipomwambia shemeji yangu Jean-Claude, mume wa dada yangu Brigitte, aliacha cherehani yake na kunitazama juu ya miwani.

"Sanaa? Unaenda kuchora?"

"Hapana. Historia, falsafa, fasihi, na namna ya kujenga hoja."

"Bon. Na ukimaliza unakuwa nani?"

Watu wa mtaani kwetu Yeoville wanaosoma baada ya miaka thelathini na tano husomea kitu chenye mwisho unaoonekana: uuguzi, uchomeleaji, kompyuta. Mimi nilijiunga kwa sababu ambayo nisingeweza kumweleza mtu aliyeshika mkasi. Kwa miaka sita nilikuwa nikisema "mimi" nikimaanisha watu wengine. Nilikuwa mkalimani wa simu. Nilikaa chumbani kwangu na vifaa vya masikioni, na watu nisiowaona walinipa maneno yao nikayavusha: mimi nilipigwa, mimi nilikimbia, mimi nina watoto watatu. Jioni Brigitte aliponiuliza nataka kula nini, kuna siku nilichelewa kujibu, nikisubiri aseme mtu mwingine kwanza.

Siku ya kwanza ya masomo, mwezi wa tatu, kila mmoja alijitambulisha. Mwanamume wa karibu miaka hamsini, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, alisema anaitwa Cyriaque, anatoka Bujumbura, ni mlinzi wa ghorofa moja Doornfontein. Alimaliza kwa kusema, "Ndiyo hivyo." Kabla ya jina la mji wake alivuta pumzi kidogo, kama mtu anayetaka kunyanyua mzigo.

Nilidhani naijua sauti ile. Sikuwa na uhakika. Sauti zilizopita masikioni mwangu zilikuwa maelfu, na Warundi wanaovuta pumzi ni wengi. Hata hivyo, tangu siku ile niliacha kusema Kiswahili ndani ya jengo lile. Yeye alinisalimia, "Habari ya asubuhi, mama Masika," nami nikajibu kwa Kifaransa. Akaniuliza kwa Kiswahili kama nimeelewa somo la mantiki, nikamjibu kwa Kiingereza. Adamu alisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba Wakongo tuna maringo. Cyriaque aliendelea kunisalimia kwa Kiswahili kila Jumamosi, kwa adabu ileile, na mimi niliendelea kujibu kwa lugha za watu wengine.

Hata hivyo alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko sisi sote. Alikuja moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake ndani ya mfuko wa plastiki. Alisoma kila kitabu alichopewa na vile ambavyo hakupewa. Mara moja Mem alimuuliza kwa nini anajichosha hivyo, akajibu kwamba getini kwake magari huingia kumi na moja kwa siku, na katikati ya gari na gari kuna nafasi kubwa.

Simu ile ilikuja Februari ya mwaka 2019. Nakumbuka nilikuwa nimefunga dirisha, kwa sababu saluni ya chini ilikuwa imefungulia muziki. Upande wa pili kulikuwa na ofisa, mwombaji hifadhi na spika iliyowekwa mezani baina yao, katika ofisi fulani ya Pretoria. Upande huu tulikuwa mimi, daftari na glasi ya maji.

Mwombaji alieleza vizuri. Walikuja saa nane mchana, akasema. Yeye alikuwa nyuma ya tangi la maji. Walimwita ndugu yake kwa jina, na ndugu yake akatoka.

"Walimuua ndugu yangu pale mlangoni," alisema. "Mimi niliona viatu vyake tu. Ndiyo hivyo."

Kwa Kiingereza nilisema brother, yaani kaka. Neno lilitoka lenyewe, kama mguu unavyotafuta ngazi inayofuata.

Ofisa alitaka jina la huyo kaka, akapewa. Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kisha akataka nimuulize mwombaji kwa nini kwenye fomu amejaza kwamba hana kaka wala dada, kwamba amezaliwa peke yake. Nikageukia Kiswahili na kusema, "Anauliza kwa nini kwenye fomu umeandika huna ndugu."

Mwombaji alishangaa, na mshangao wake niliusikia mpaka Yeoville.

"Sina ndugu?" alisema. "Mimi? Ndugu ninao wengi."

Nami nikalitafsiri hilo pia. Nilimwambia ofisa kwamba ana kaka wengi. Vidole vya ofisa vikaanza kugonga kibodi.

Ilikuwa katikati ya kule kugonga kwa vidole ndipo nilipoelewa. Aliyekufa alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, au wa mama yake mkubwa, au mtu wa ukoo tu. Ni ndugu. Hata kwetu Butembo tungemwita ndugu. Fomu ilisema kweli na mtu yule alisema kweli. Uongo ulikuwa wangu, na ulikuwa na neno moja. Nilifungua mdomo. Miezi miwili kabla, nilikuwa nimemfafanulia ofisa mwingine kwamba mama mkubwa si mama mnene, na kampuni ikaniandikia: mkalimani haongezi, hapunguzi, haelezi, kosa la pili litakuwa la mwisho. Nilifunga mdomo. Ofisa akauliza kama mwombaji ana la kuongeza. Nikamuuliza. Akasema hapana. Nikasema hapana.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mama wa Uvira mwenye mtoto aliyekuwa analia. Nilinywa maji na kupokea.

"Haya," Mem Dladla alisema, akiikaribia ile meza yenye barua. "Nani ameandika?"

"Serikali," Chris alijibu.

"Amemwandikia nani?"

"Si huyu," Adamu alisema, akimwonyesha Cyriaque kwa kidevu. "Ameliandikia faili."

Mem alifurahia jibu hilo, akaliandika ubaoni. Kisha akauliza kitu gani hakimo. Cyriaque alibaki amesimama kando ya meza, mikono nyuma, kama asimamavyo getini.

"Neno lenyewe," alisema hatimaye. "Neno nililosema mimi halimo. Limo la mtu mwingine."

"Ulisema neno gani?"

"Ndugu."

Mem aligeuka, na macho yake yakapita madawati hadi mstari wa nyuma. "Masika. Wewe umefanya kazi ya lugha. Ndugu kwa Kiingereza ni nani?"

Nilisimama, ingawa hakuna aliyekuwa akisimama kujibu katika darasa lile. Nilieleza. Nilisema ndugu anaweza kuwa kaka au dada, mtoto wa baba mdogo, mtoto wa shangazi, mtu wa kijiji kimoja, mtu mnayesali naye, hata mtu usiyemjua unayemwomba asogee kwenye benchi. Nilisema Kiingereza hakina chombo kimoja cha kuwabeba wote hao, kwa hiyo kabla ya kutafsiri ni lazima kuuliza: ndugu wa vipi? Nilieleza pia jinsi swali la pili lilivyolifanya kosa la kwanza kuwa baya zaidi. Nilijenga hoja kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa. Nadhani halikuwahi kutoka jibu zuri kuliko lile kinywani mwangu, na nilisikia baridi miguuni wakati wote nikilitoa.

"Basi kosa ni la nani?" Mem aliuliza.

"Ni la mkalimani," nilisema. "Alijua, na hakusema."

Mem aliinamisha kichwa kidogo. "Kwamba alijua, waraka unatuambia wapi?"

Nilikaa chini. Cyriaque aliikunja barua yake katika mikunjo ileile ya zamani na kurudi mahali pake.

Baada ya kipindi nilimkuta nje ya lango, na mfuko wake wa sare. Tuliteremka pamoja kuelekea Doornfontein, tukapita gereji ya vioo vya magari na kanisa lenye bango la Kilingala. Kwenye roboti, zile taa za barabarani, tulisimama kungoja taa ya kijani.

"Leo umejieleza vizuri, mama Masika," alisema.

Nilimjibu kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza, nikimwita kwa jina la binti yake. "Papa Tania, kuna jambo lazima nikwambie."

"Nalijua."

"Huwezi kulijua."

"Sauti yako niliitambua siku ile ya kwanza, ulipotaja jina lako. Dakika arobaini nilikusikiliza. Katika chumba kile wewe ndiye mtu pekee aliyekuwa ananielewa. Mtu kama huyo unamsahauje?" Alihamisha mfuko mkono wa pili. "Kwamba ulijua na ukanyamaza, hilo nimelijua leo."

Magari yalipita. Mwanamke mwenye gari la kusukuma lililojaa chupa tupu alisimama kando yetu.

"Tangu mwezi wa tatu," nilisema. "Mbona hukusema?"

Alifikiri, kana kwamba swali lilikuwa la darasani.

"Nilikuja kusoma," alisema.

Taa ikawaka kijani. Alivuka. Mimi nilibaki upande huu mpaka ikawa nyekundu tena.

Kwa Adamu, nilipomuuliza kwa kuzunguka, nilijua kwamba rufaa ya Cyriaque ilikuwa imepangiwa mwezi wa nane, baada ya miaka minne ya kufanyiwa upya kikaratasi cha kukaa nchini kwa muda. Cyriaque mwenyewe hakuniomba kitu. Jumamosi mbili zilizofuata alinisalimia kama kawaida, nami nikamjibu kwa Kiswahili, na hilo ndilo badiliko pekee ambalo mtu mwingine angeweza kuliona.

Nilianza kuandika maelezo yangu ya kiapo kwa ajili ya rufaa hiyo. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Nilipoisoma kwa maswali ya Mem niliona imeandikwa na mtu anayejitetea, amejiandikia mwenyewe, na kitu ambacho hakimo ni Cyriaque. Onyo la kampuni lilikuwemo, muziki wa saluni ulikuwemo, hata ubovu wa mtandao, ambao siku ile haukuwa mbovu. Rasimu ya nne ilikuwa nusu ukurasa: tarehe, neno alilosema mwombaji, neno nililosema mimi, swali nililolipotosha, na sentensi ya mwisho. "Nilitambua kosa hili mahojiano yakiendelea, na sikulisahihisha."

Kwenye kituo cha polisi, konstebo aliniapisha, akagonga muhuri bila kusoma, na kuniuliza kama nina kalamu ya kumwachia.

Hati ile niliipeleka mwenyewe nyumbani kwao, ghorofa ya tano, lifti haifanyi kazi. Mlango ulifunguliwa na mkewe Gaudiose, mwanamke mrefu aliyekuwa amejifunga kitenge juu ya suruali. Cyriaque alikuwa kazini. Nilisema jina langu.

"Ni wewe," alisema. Hakuuliza. Alinikaribisha kiti, akaniletea chai, akakaa mbele yangu na mikono mapajani mpaka nilipoimaliza. Kisha akaichukua hati na kuisoma yote.

"Binti yetu Tania alipasi," alisema, macho bado kwenye karatasi. "Matriki, mwaka juzi. Alama za juu masomo matatu. Vyuo viwili vilimkubali, vikaomba karatasi za baba yake." Aliiweka hati chini ya mtungi wa maua ya plastiki. "Yuko saluni, Rockey Street. Anasuka."

"Nisamehe, mama Tania."

"Chai nimekupa," alisema. "Hilo lingine niache nalo."

Nilishuka ghorofa zote tano nikihesabu ngazi. Rockey Street nilipita upande wa pili wa barabara.

Kampuni ilipata habari kabla ya rufaa, kwa kuwa wakili wa msaada aliyemsimamia Cyriaque aliandika kuomba rekodi ya simu. Rekodi haikuwepo tena. Mkataba wangu ulikataza kueleza lolote lililosemwa kwenye simu, na siku ya Jumatano, saa tatu na dakika kumi, akaunti yangu ilikataa kufunguka. Barua ya maelezo ilikuja baadaye. Jean-Claude aliisoma mara mbili.

"Eish, shemeji," alisema. "Kwa Mrundi? Hata si ndugu yako."

Brigitte alicheka kwanza, kisha akaacha. Mimi pia nilicheka, na Jean-Claude akatutazama bila kuelewa kosa lake liko wapi. Wiki iliyofuata alinipa kiti dukani kwake, nikawa napinda sketi za sare za shule. Mpaka leo nazipinda. Ni kazi isiyohitaji kusema chochote kwa niaba ya mtu, na vidole vyangu vimeizoea.

Watu huniuliza kama Cyriaque nami tulikuwa marafiki baada ya hapo. Hapana. Tulikuwa wanafunzi wa darasa moja. Tulibishana kuhusu insha, tuliazimana kamusi. Nyumbani kwake sikualikwa tena. Gaudiose nikikutana naye sokoni hunisalimia, huniuliza hali ya Brigitte, kisha huaga. Tania sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Nilisikia kwa Adamu.

Uamuzi wa rufaa ulitoka mwezi wa kumi na moja. Siku ile Cyriaque alichelewa darasani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tulikuwa kwenye kipindi cha fasihi, na Mem, aliyefundisha hata somo hilo, alikuwa akitusomea akitembea. Cyriaque aliingia kwa ncha za vidole, akaomba radhi kwa mkono, akapita mstari wake na kuja kukaa nyuma, kando yangu. Alitoa bahasha kwenye mfuko wa sare na kuisukuma mbele yangu juu ya dawati.

Kurasa zilikuwa nne. Nilizisoma kama nilivyofundishwa. Rufaa ilikuwa imekubaliwa. Sababu zilijaza kurasa tatu, zote zikitokana na ripoti mpya kuhusu hali ya nchi yake. Kwa mujibu wa ripoti hizo, mtu yeyote wa mtaa wake na wa msimamo wake angestahili kulindwa, awe ameona viatu vya mtu mlangoni au hakuona. Nilitafuta mahali nilipotajwa. Palikuwa ukurasa wa pili, aya ya kumi na nne. Maelezo ya mkalimani yamezingatiwa. Hapakuwa na neno jingine.

Nilirudia aya ile, kisha nikapanga kurasa vizuri na kuzirudisha ndani ya bahasha. Nilipoinua macho nilimkuta akinitazama. Nilidhani atasema jambo. Nadhani yeye pia alidhani hivyo. Mbele, sauti ndogo ya Mem iliendelea kusoma, na mahali fulani chini ya dirisha mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari lisilotaka kuwaka.

Cyriaque alivuta pumzi.

"Mmefika ukurasa wa ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na moja."

Alikifungua kitabu chake, akaupata ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari na kuanza kufuata.